Kutenda na Kutendua: Historia ya Utaratibu wa Kuunda Ndege kwa Vipande

Wanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hukutana mapema na kauli ya kutendua. Aliyefunga aweza kufungua, aliyekunja aweza kukunjua, aliyepanga aweza kupangua, na aliyefuma aweza kufumua. Lakini si kila kitenzi kimejaliwa kinyume chake. Kukata hakuna kauli hiyo, wala kumwaga, wala kuchinja. Anayetenda vitenzi hivi hana njia ya kurudi, ila atafute kitu kingine aanze upya. Ndiyo maana wahenga wetu walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Tofauti hii ndogo ya kisarufi inatufaa kuielewa historia moja ambayo kwa kawaida husimuliwa kama historia ya injini na mabawa: historia ya ndege zinazoundwa nyumbani kwa vipande. Katika Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa, mtu asiye mhandisi anaweza kununua ndege iliyomo masandukuni, akaiunda katika gereji yake kwa miaka miwili, mitano au kumi, kisha akairusha yeye mwenyewe. Sheria inamruhusu, na huko Marekani inataka sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, iwe imefanywa na waundaji wasiotafuta faida, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Siku masanduku yanapofunguliwa, swali la kwanza si la nguvu wala la fedha. Ni hili: kipi kitangulie?

Swali hilo laonekana dogo mbele ya maajabu ya kuruka. Hata hivyo, madai ya makala haya ni kwamba katika jibu lake ndimo ilimo sehemu kubwa ya elimu ya uundaji wa ndege, na kwamba historia yake ya zaidi ya miaka mia moja ni historia ya watu kujifunza kutanguliza matendo yanayotenduka na kuahirisha yasiyotenduka. Pale utaratibu huo ulipovurugika, gharama yake wakati mwingine ilikuwa fedha, na wakati mwingine ilikuwa roho ya mtu.

Masanduku ya Kitty Hawk na Le Mans

Ndege ya ndugu Wright, iliyofungua zama za ndege za injini, ilikuwa yenyewe ndege ya vipande. Wilbur na Orville Wright walitengeneza sehemu zake mwaka 1903 katika karakana yao ya baiskeli mjini Dayton, Ohio, lakini hawakupata kuiona nzima huko. Karakana ilikuwa ndogo. Sehemu ya katikati ya mabawa peke yake, ilipounganishwa, iliziba njia kati ya chumba cha mbele na cha nyuma, hata ndugu hao wakalazimika kutokea mlango wa ubavuni na kuzunguka nje ili wawahudumie wateja wa baiskeli. Ndege ilikamilika kwa mara ya kwanza katika banda la mbao kwenye mchanga wa pwani ya North Carolina, karibu na Kitty Hawk, baada ya vipande kusafirishwa.

Kazi haikuwa nyepesi. Injini ilipojaribiwa, ekseli za rafadha ziliharibika. Zilirudishwa Dayton zikatengenezwa upya, nazo zile mpya zikaingia ufa. Orville akafunga safari nyingine, akarudi tarehe 11 Desemba na ekseli za chuma kisicho na uwazi ndani, na tarehe 17 Desemba ndege ikaruka. Tukilitazama tukio hili kwa jicho la mpangilio wa kazi, la kuzingatia ni kwamba ekseli hizo zilikaa wazi, mahali mkono unapofika. Ziliweza kuchomolewa na kuchomekwa tena bila kuyavunja mabawa. Ndugu hao walipoteza majuma kadhaa, lakini hawakupoteza ndege.

Miaka mitano baadaye Wilbur alijifunza upande wa pili wa somo hilo. Ndege aliyokusudia kuionyesha Ulaya ilikuwa imelala ndani ya masanduku katika bandari ya Le Havre, Ufaransa, tangu mwaka 1907. Mwezi Juni 1908 aliyafungua masanduku hayo mjini Le Mans, akakuta mbavu za mabawa zimevunjika, vitambaa vimechanika na vyuma vimepindika. Kwa hasira alimwandikia Orville kumlaumu kwa ufungaji mbaya. Baadaye ilibainika kwamba waliovuruga ni maofisa wa forodha, waliofungua masanduku kwa ukaguzi na kuyafunga tena ovyo. Kazi iliyotarajiwa kuwa ya siku chache ikala majuma mengi, na hakuruka mpaka tarehe 8 Agosti.

Maofisa wale hawakuwa na nia mbaya. Walichokosa ni kujua kwamba kufungasha nako ni sura ya utaratibu wa kuunda: kitakachohitajika mwanzo huwekwa juu, kizito hakilali juu ya chembamba, na kila pengo lina sababu yake. Walivitoa vitu ambavyo hawakujua jinsi ya kuvirudisha. Walipangua wasichoweza kupanga.

Masanduku ya Mafia na Kigoma

Muda si mrefu masanduku ya namna hiyo yalifika pwani yetu. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, na Waingereza, ambao meli zao kubwa hazikuweza kuingia katika mikondo ile ya mikoko, wakaona kwamba dawa ni ndege. Ndege za majini za Sopwith zilizoletwa mwanzoni mwa 1915 katika kisiwa cha Niororo hazikufua dafu. Zilikuwa zimeundwa Uingereza kwa mbao na gundi ya huko. Joto na unyevu wa pwani ukazidhoofisha. Mwezi Juni 1915 zikaletwa ndege za nchi kavu, Caudron mbili na Henri Farman mbili, zikawekwa Mafia. Ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli Severn na Mersey katika mashambulizi ya tarehe 6 na 11 Julai, na siku hiyo ya pili Königsberg ikaangamia.

Mwaka huohuo, mbali bara, chombo kingine cha vipande kilikuwa kimekwisha kushuka majini. Meli Graf von Götzen ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikavunjwavunjwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam, na kutoka hapo ikasafirishwa kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Katikati ya mwaka 1916 Wabelgiji, kwa kutumia ndege za majini za Short walizopewa na Waingereza na kuziunganisha upande wa Kongo, waliishambulia Kigoma kutoka angani. Basi Ziwa Tanganyika lilishuhudia ndege iliyotoka masandukuni ikiiwinda meli iliyotoka masandukuni. Meli hiyo ilizamishwa na wenyewe Wajerumani mwaka huo, ikaopolewa baadaye, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba.

Utaratibu wa kawaida wa meli za namna hii, zilizopelekwa katika maziwa yasiyofikiwa na bahari, unastahili kuangaliwa kwa makini. Chombo kiliunganishwa kwanza kwa parafujo na nati karakanani kwao, kila bati likatiwa alama, kisha kikafunguliwa. Kilipofika ziwani kiliunganishwa mara ya pili, safari hii kwa ribiti zilizopigwa moto. Parafujo hukazwa na kulegezwa; ribiti haina kulegezwa. Chombo kiliundwa mara mbili: mara moja kwa tendo linalotenduka, ili makosa yajitokeze, na mara moja kwa tendo la kudumu, makosa yakiwa yamekwisha kutolewa.

Waunzi wa pwani ya Waswahili walikuwa na jibu lao kwa swali hilohilo. Katika jahazi za leo tumezoea kuona misumari, lakini mtepe wa zamani ulishonwa. Mbao za ubavuni ziliunganishwa ukingo kwa ukingo kwa kamba za makumbi, na mataruma yakafungwa ndani baada ya umbo kupatikana. Waunzi wa Ulaya wa karne za karibuni walianza na mifupa, kisha wakaivika ngozi. Waunzi wa mtepe walianza na ngozi, kisha wakaitia mifupa. Kila utaratibu una hekima yake. Anayeanza na mifupa huamua umbo mapema na kulilazimisha. Anayeanza na ngozi hulitafuta umbo kwa jicho na mkono, ubao baada ya ubao. Na kwa kuwa mshono hufumuliwa, mtepe uliochakaa uliweza kushonwa upya. Tutakutana na mtengano huu tena katika ndege.

Mchoro usio na hatua

Baada ya ndugu Wright, hamu ya kuunda ndege nyumbani ilienea upesi. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris, aliiachilia michoro ya ndege yake ndogo Demoiselle itumiwe na yeyote bila malipo, na mwaka 1910 jarida la Popular Mechanics la Marekani likaichapisha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Bernard Pietenpol wa Cherry Grove, Minnesota, aliunda ndege ya mbao iitwayo Air Camper na kuitia injini ya gari la Ford. Michoro yake nayo ikasambazwa magazetini. Huko Ufaransa Henri Mignet alichapisha mwaka 1934 kitabu kuhusu ndege yake Pou-du-Ciel, akiwahakikishia wasomaji kwamba kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida. Maelfu walivutiwa, Ufaransa na Uingereza. Baada ya ajali kadhaa za kuua, majaribio ya kitaalamu yalionyesha kasoro katika mpangilio wa mabawa yake, na ndege hizo zikazuiwa kuruka.

Mchoro wa zama hizo ulieleza umbo na vipimo. Kwa sehemu kubwa haukueleza zamu. Ulichukulia kwamba msomaji ni seremala au mwana wa seremala, na kwamba mkono wake unajua kwamba mbavu hutengenezwa kwanza zote kwa kalibu moja, ndipo zipangwe kwenye mihimili. Kwamba bawa hunyooshwa kwa nyaya za ndani kabla ya kuvikwa kitambaa. Kwamba gundi huachwa ikauke kabla ya kulazimishwa kubeba kitu. Elimu ya utaratibu ilikaa katika mikono ya mafundi, kama ilivyokaa katika mikono ya waunzi wa Lamu, na ilirithishwa kwa kuketi karibu na anayeijua. Aliyenunua jarida peke yake, akiwa mbali na fundi yeyote, alinunua nusu ya elimu.

Ed Heath wa Chicago alikaribia kuliona pengo hilo. Ndege yake Heath Parasol iliuzwa kwa mafungu, ili mtu mwenye kipato kidogo anunue fungu moja, alimalize, ndipo anunue jingine. Mpango wa malipo ukageuka kuwa mpango wa kazi: fungu lililofika kwanza ndilo lililoundwa kwanza. Heath alifariki mwaka 1931 akijaribu ndege mpya. Kampuni yake iliuzwa, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa maarufu kwa jambo lingine kabisa, yaani vifaa vya umeme vya kuunganisha nyumbani vilivyoitwa Heathkit, kuanzia mwaka 1947. Sifa ya Heathkit ilikuwa katika vitabu vyake vya maelekezo. Kila hatua ilisimama peke yake katika sentensi fupi, na kando yake paliachwa nafasi ya kutia alama ikiisha kutekelezwa. Mtu asiyejua chochote kuhusu redio aliweza kuiunda kwa kufuata zamu. Jina lililozaliwa katika uundaji wa ndege likawa mfano wa namna ya kuandika utaratibu.

Kabla ya kufunika

Mwaka 1953 huko Milwaukee, Wisconsin, Paul Poberezny na wenzake walianzisha Experimental Aircraft Association, chama ambacho kiliwakusanya waundaji waliokuwa wametawanyika. Huko Uingereza chama cha namna hiyo kilikuwapo tangu 1946, na leo kinaitwa Light Aircraft Association. Vyama hivi vilifanya kazi ambayo jarida halikuweza: vilimleta fundi karibu na mwanafunzi.

Kitovu cha kazi hiyo kilikuwa wakati mmoja maalumu, ule wa kabla ya kufunika. Ndege ya mbao, ikishavikwa kitambaa na kupakwa dawa ya kukikaza, huonekana nzuri hata kama ndani yake pana kiungo ambacho gundi haikushika. Ndege ya alumini, ngozi yake ikishapigwa ribiti, huficha waya uliogusa ukingo mkali na nati iliyosahauliwa bila kukazwa. Kwa sababu hiyo wakaguzi wa serikali ya Marekani kwa miaka mingi walimtembelea mwundaji kabla ya kufunika. Baadaye serikali iliacha ziara hizo, na washauri wa kujitolea wa chama wakaendelea kuwatembelea waundaji wanaowaita. Uingereza imeshikilia mkaguzi wa chama anayetia saini hatua kwa hatua.

Hapa ndipo zamu ya kazi inapopata maana ya kimaadili. Kufunika hakuongezi nguvu ya kiungo kilichoungwa vibaya. Kunaondoa macho tu. Kwa hiyo mwundaji mwenye busara hajiulizi tu kama hatua inayofuata iko tayari kufanywa. Hujiuliza ni kitu gani hakitaonekana tena baada ya hatua hiyo, na ni nani mwingine amekitazama.

Mkia kwanza

Katika miaka ya 1970 njia mbili kubwa zilijitokeza, na kila moja ilitoa jibu lake kuhusu mwanzo.

Njia ya kwanza ni ya Burt Rutan wa California. Ndege yake VariEze iliruka mwaka 1975, na michoro yake ikaanza kuuzwa mwaka uliofuata. Haikutumia mbavu nyingi wala mabati. Mwundaji alikata povu gumu kwa waya wa moto mpaka akapata umbo la bawa, kisha akalivika vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa kwa gundi inayokauka ikawa ngumu. Umbo lilitangulia. Lakini gundi hiyo ikishakauka haina kurudi, na fundi wa mbao au wa bati hakuwa na mazoea nayo. Rutan alilijibu tatizo hilo kwa kuweka sura ya mafunzo kabla ya sura za ndege yenyewe. Mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kwanza bamba dogo na kulipima uzito, ili ajue kama ametia gundi kupita kiasi. Kisha kipande cha povu kilichovikwa, akisimamie kwa uzito wake wote ili auamini uimara wake. Na hata kishikizo cha vitabu. Vitu hivyo havikuwa sehemu ya ndege. Kazi yake ilikuwa kuyapokea makosa ya mwanzo.

Njia ya pili ni ya Richard VanGrunsven wa Oregon, aliyerusha ndege yake RV-3 mwaka 1971 na kuanzisha kampuni ya Van's Aircraft. Ndege za ukoo huo zilizokwisha kuruka ni zaidi ya 10,000. Huuzwa kwa mafungu manne makuu: mkia, mabawa, kiwiliwili, kisha fungu la kumalizia. Mgeni hushangaa. Kwa nini mtu aanze na mkia, sehemu ya mwisho kutajwa anapoieleza ndege? Jibu ni kwamba mkia ni mdogo, hauhitaji nafasi kubwa, bei yake ni ndogo kuliko mafungu mengine, na ndani yake mna karibu kila ufundi utakaohitajika mbele: kutoboa, kusugua kingo za matundu, kubonyeza tundu lipokee kichwa cha ribiti, kupiga ribiti kwa mikono miwili au kwa watu wawili, mmoja akishika nyundo ya upepo nje na mwenzake akishikilia chuma kizito ndani. Anayeharibu bati la mkia hununua jingine. Anayegundua kwamba kazi hii si yake hugundua kabla hajanunua mabawa. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mkono wa fundi hukunjwa kwenye mkia.

Ndani ya kila fungu kuna utaratibu uleule wa kuunda mara mbili tuliouona katika meli za maziwa. Mabati huunganishwa kwanza kwa vibanio vidogo vya muda, vyenye chemchemi, ambavyo huingia tunduni na kutoka kwa koleo maalumu. Ndege husimama hivyo, kamili na bado haijawa ndege. Kisha yote hufunguliwa, matundu husuguliwa na kubonyezwa, bati hupakwa rangi ya kuzuia kutu, ndipo yanapounganishwa tena kwa ribiti. Mwundaji asiye na subira huona kwamba anafanya kazi moja mara mbili. Ukweli ni kwamba ile ya kwanza ni swali na ile ya pili ni jibu.

Zamu ya bawa nayo inasema mengi. Bati la juu hupigwa ribiti kwanza, wakati mkono bado unaingia kwa chini. La chini huachwa mwisho, baada ya nyaya na mirija kupitishwa na kukaguliwa. Tangi la mafuta, lililomo ndani ya bawa, huzibwa kwa gundi nzito na kujaribiwa kwa hewa kabla halijafungwa mahali pake: puto hufungwa kwenye mrija mmoja kuonyesha kama hewa inapungua, na maji ya sabuni hupakwa kwenye viungo. Povu likitokea, mwundaji anajua pa kuziba. Uvujaji huohuo ukigunduliwa baada ya ndege kupakwa rangi ni balaa.

Mabadiliko makubwa ya mwishoni mwa karne ya 20 yalikuwa matundu yaliyotobolewa tayari kiwandani kwa mashine za kompyuta. Katika RV-4 na RV-6, kiwiliwili kiliundwa kikiwa kimepinduliwa juu ya fremu ambayo mwundaji aliijenga na kuinyoosha kwanza; fremu ilikuwa ndiyo inayolinda umbo. Katika ndege zilizofuata, tundu la bati moja likikutana na tundu la bati jingine, umbo hujipata. Kwa namna fulani ni kurudi kwa mshonaji wa mtepe, ambaye ngozi yake ilitangulia mifupa, isipokuwa sasa jicho linalotafuta umbo limo kwenye kompyuta ya kiwanda. Kazi imekuwa nyepesi, na wengi ambao wasingethubutu wamethubutu. Lakini elimu iliyohama kutoka mkononi kwenda kwenye tundu imehamia mahali ambapo mwundaji hawezi kuikagua kwa urahisi.

Mwaka 2023 jambo hilo lilidhihirika. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba baadhi ya vipande ambavyo matundu yake yalikatwa kwa leza, badala ya njia iliyozoeleka, vilionekana kupata nyufa tundu linapobonyezwa. Kwa wateja ambao vipande vyao vilikuwa bado masandukuni, tatizo lilikuwa la kungoja vingine. Kwa waliokuwa wamefika kwenye vibanio vya muda, lilikuwa la kufungua na kubadilisha. Kwa waliokwisha kupiga ribiti, kila mmoja alilazimika kupima: atoboe ribiti mamia, kwa hatari ya kuyapanua matundu mazuri, au aamini tathmini ya wahandisi kwamba kipande kilichomo ndani kinafaa? Kasoro ilikuwa moja, na uzito wake ukatofautiana kwa kadiri ya hatua ambayo mtu alikuwa amefikia. Gharama ya kubadilisha vipande ikawa miongoni mwa sababu zilizoifikisha kampuni mahakamani mwezi Desemba mwaka huo kuomba kinga dhidi ya wadai, kabla ya kusimama tena mwaka uliofuata.

Kilichofungwa na aliyekinunua

Kuna tukio moja ambalo kila mwundaji wa ndege za Rutan hulijua. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alifariki ndege yake aina ya Long-EZ ilipoanguka baharini karibu na Pacific Grove, California. Hakuwa ameiunda yeye. Aliinunua siku chache kabla. Katika michoro ya Rutan, mkono wa kuchagua tangi la mafuta hukaa mahali ambapo rubani aufikia kwa urahisi. Mwundaji wa ndege hiyo aliuweka nyuma ya bega la kushoto la rubani, ili mirija ya mafuta isipite katika chumba anachokaa. Wachunguzi wa ajali walieleza kwamba rubani, akijigeuza kuufikia mkono huo, alipoteza udhibiti wa ndege, na walitaja mambo mengine pia: mafuta kidogo, mazoezi haba katika aina hiyo ya ndege, na mkono huo wa tangi kutokuwa na alama.

Nia ya aliyeuhamisha mkono ule ilikuwa usalama. Tatizo ni kwamba uamuzi wa siku moja, mirija ikishapitishwa na kuta kufungwa, ulikuwa umekuwa sehemu ya mwili wa ndege. Aliyeunda alikumbuka sababu yake. Aliyenunua alipokea matokeo bila sababu. Ndege huishi kuliko subira ya mwundaji wake, nayo hupita mikono mingi.

Dawa iliyobuniwa kwa tatizo hili ni ya kimaandishi. Mwundaji hutakiwa kuweka kumbukumbu: tarehe, saa alizofanya kazi, hatua aliyotenda, na picha za ndani kabla ya kufunika. Mamlaka hulitumia daftari hilo kuthibitisha kwamba kazi ilifanywa kweli na watu wasio wa kiwandani. Lakini thamani yake kubwa ni nyingine. Daftari ndilo pekee linaloweza kutendua kwa maneno kile kisichotendulika kwa mikono. Linamrudisha msomaji, hatua kwa hatua kinyumenyume, mpaka ndani ya bawa ambalo hakuna mtu atakayelifungua.

Sisi tunaojishughulisha na fasihi hatuna budi kulitambua neno ambalo limekuwa likitufuata katika mjadala huu. Tunapouchambua utenzi au riwaya tunazungumzia muundo wake, na mara nyingi tunasahau kwamba neno hilo limetokana na kuunda, kazi ya waunzi wa vyombo, waliounga ubao kwa ubao wakijua kwamba bahari italijaribu kila pengo. Tumezoea kulitumia kwa umbo lililokwisha kukamilika, kana kwamba muundo ni picha. Waunzi na waundaji wa ndege wanatukumbusha kwamba muundo ni mfuatano wa maamuzi, kila moja likifunga mlango fulani, na kwamba anayekisoma chombo kilichokamilika bila kuijua zamu hiyo ameona ngozi tu. Mtafiti wa mtepe hulazimika kuisoma zamu ya waunzi katika matundu ya kamba. Mtafiti wa baadaye wa ndege hizi za gereji atakuwa na daftari, ikiwa mwundaji aliliandika kwa uaminifu jioni ile aliyokuwa amechoka, ngozi ya chini ya bawa ikingoja kufungwa.